Bamba la Usukani: Anza na Unene, Umbo Litafuata

Mtu akitaka bamba jipya la usukani kwa mashua yake ndogo ya tanga, kwanza hufikiria jinsi litakavyoonekana likitazamwa ubavuni: liwe la mstatili au lijipinde kama jani, ncha iwe ya mviringo au ikatwe mraba. Anachora, anafuta, anachora tena, kisha anampelekea fundi. Fundi anachukua plaiwudi ya milimita 18, anafuata mchoro kwa msumeno, anapitisha randa kidogo kwenye kingo, anapaka rangi, kazi imekwisha. Bamba likishuka majini linakwenda vilevile kama la zamani, maana wote wawili wamehangaika na jambo lenye faida ndogo kuliko yote. Ambacho hakuna aliyekigusa ni mkato: ukilikata bamba hilo kwa mlalo na kutazama pale lilipokatwa, utaona kipande bapa cha ubao. Hapo ndipo mwendo unapopotea.

Mashua ninayoizungumzia ina urefu wa mita tatu na nusu hadi nne na nusu, inabeba mtu mmoja au wawili, tanga lake ni mita za mraba 6 hadi 10, ina ubao wa katikati unaopandishwa na kushushwa, na usukani wake unaning'inia nyuma kwenye rumada mbili. Kama ni mashua ya daraja la mashindano, soma kanuni kabla hujashika randa. Laser, ambayo siku hizi inaitwa ILCA, na Optimist ya watoto hazikupi uhuru wa kujichongea bamba unavyopenda, na mpimaji wa mashindano hatakuonea haya. Kwa mashua hizo, hesabu kwamba yanayokuhusu hapa ni yale ya rumada, na kwa Laser pia yale ya kamba na pembe ya bamba.

Kuna hoja inayotolewa kila mazungumzo haya yanapoanza: mbona majahazi yametumia usukani wa mbao bapa miaka nenda miaka rudi, yakaenda Maskati na kurudi? Hoja ni ya haki. Usukani wa jahazi umening'inizwa nyuma ya fashini, na mbele yake kuna mkuku mrefu. Maji yanapoufikia yamekwisha kuambaa mkuku mzima, na usukani ukigeuzwa, mkuku na usukani hufanya kazi kama bamba moja kubwa lililopindwa mwishoni. Ukingo wa mbele wa usukani umejificha nyuma ya mti mnene, kwa hiyo ukiwa butu au wa mraba si neno. Mashua yenye ubao wa katikati haina mkuku wa namna hiyo. Bamba lake linasimama peke yake majini, ukingo wake wa mbele uko wazi, na kila kasoro ya mchongo inalipwa kwa mwendo. Fundi hodari wa majahazi anaweza kukutengenezea usukani mbovu wa mashua ndogo bila kosa lolote katika kazi yake. Amefuata tu sheria za chombo kingine.

Bamba likigeuzwa kidogo, maji ya upande mmoja yanalisukuma na ya upande wa pili yanalivuta, na uvutaji ndio wenye nguvu zaidi. Upande huo unaovutwa unafanya kazi muda wote maji yanapoufuata bila kubanduka. Yakibanduka, nguvu inashuka ghafla, nyuma ya mashua panatokea vizingia na povu, kana, yaani mpini wa usukani, inalegea mkononi, na mashua inaendelea kugeukia upepo hata ukivuta kana mpaka kifuani. Ubao bapa wenye ukingo wa mraba huachwa na maji mapema, kwenye digrii 8 au 10 hivi. Bamba la ukubwa uleule lililochongwa vizuri hustahimili mpaka 12 au zaidi, na kabla ya kufika huko linaburuta maji kidogo sana. Upepo mzuri wa kusi ukikupiga wakati unabisha, digrii hizo chache ndizo zinazoamua kama utageuza kwa utaratibu au utajikuta umeangalia ulikotoka.

Mkato mzuri hauhitaji kubuniwa. Mwaka 1933 taasisi ya utafiti wa ndege ya Marekani, NACA, iliyokuja kuzaa NASA mwaka 1958, ilichapisha matokeo ya majaribio ya mikato 78 ya mabawa. Miongoni mwake imo ile iliyo sawasawa pande zote mbili, inayoitwa 0009, 0012 na kadhalika. Tarakimu mbili za mwisho ni unene kwa asilimia ya upana: 0012 ina unene wa asilimia 12 ya upana wake, na sehemu nene kabisa iko asilimia 30 kutoka mbele. Ilikuwa ya ndege, lakini kwa mwendo wa mashua maji hufuata kanuni zilezile za hewa, na mikato hiyo bado ni chaguo la kwanza la mtu anayechonga usukani kwa mikono yake. Kwa mashua ndogo chagua 0012. Nyembamba kuliko hiyo huburuta maji pungufu kidogo ikiwa imenyooka, lakini huachwa na maji mapema, na usukani wa mashua ndogo haukai umenyooka: mawimbi, wimbi la boti inayopita na mkono wa mwanafunzi vyote vinaugeuza kila sekunde.

Kwa bamba lenye upana wa milimita 200, vipimo vya 0012 ni hivi. Milimita 10 kutoka ukingo wa mbele, unene uwe milimita 14. Kwenye milimita 20, unene ni karibu 19. Kwenye milimita 60 unafika 24, na hapo ndipo kileleni. Katikati kabisa, milimita 100, umeshuka hadi 21. Kwenye 140 ni karibu 15, kwenye 180 ni karibu 6, na ukingo wa nyuma acha milimita 2 ili usivunjike. Kama upana wako ni mwingine, zidisha au punguza kwa uwiano uleule.

Tazama jinsi mbele kunavyonenepa haraka. Watu wengi, na mafundi wazuri wakiwemo, huchonga ukingo wa mbele uwe mkali kama upanga wakiamini kwamba maji yanatakiwa kukatwa. Ukingo mkali unafaa tu bamba likiwa limenyooka kabisa. Likigeuka hata kidogo, maji yanashindwa kuzunguka ile ncha kali, yanabanduka palepale, na hewa ya juu ya maji inapata njia ya kuteremka kwenye ubavu wa bamba. Pua ya bamba iwe ya mviringo kama wa yai. Makali yanatakiwa nyuma, na huko ndiko mafundi huacha ubao wa milimita 18 ulivyotoka kiwandani.

Kuchonga kwenyewe kuna siri moja nzuri ukitumia plaiwudi. Plaiwudi ni matabaka yaliyogandishwa kwa gundi, na randa inapoteremka inafichua mistari ya gundi, mmoja baada ya mwingine, kama mistari ya mwinuko kwenye ramani ya mlima. Bamba likichongwa sawasawa, mistari hiyo inanyooka kutoka juu hadi chini bila kuyumba, na ya upande wa kushoto inalingana na ya kulia. Pale penye mstari uliojikunja ndipo randa ilipokula zaidi, na huhitaji kipimo kuliona hilo. Anza na alama mbili za penseli kwenye kila upande: mstari wa kileleni, asilimia 30 kutoka mbele, usioguswa hata kidogo, na mstari wa katikati ya unene kwenye kingo zote mbili. Toa mti mwingi kwa randa, malizia kwa ubao mrefu uliobandikwa msasa, ukisugua kwa mshazari. Kata kipande cha bati au kadibodi ngumu chenye umbo la nusu ya mkato, kiwe kipimo, na ukipitishe pande zote mbili kila mara. Kama itabidi uchague kati ya kufuata vipimo kwa usahihi na kufanya pande mbili zilingane, chagua zilingane. Bamba lenye tumbo upande mmoja litaivuta mashua upande huo safari nzima.

Ubaya wa plaiwudi ni kwamba karibu nusu ya matabaka yake yana mkondo wa mti unaolala kwa upana, na hayo hayasaidii kitu bamba linapopindwa. Nguvu yenyewe si ya mchezo. Bamba lenye eneo la mita ya mraba 0.11, likigeuzwa kiasi kwenye mwendo wa mita 2 kwa sekunde, yaani karibu noti 4, hubeba mzigo wa kama kilo 12. Mwendo ukiongezeka mara mbili, mzigo unaongezeka mara nne, unafika kilo 48, na wote unapindia pale bamba linapotoka kwenye mashavu yake, yaani mbao mbili zinazolishika. Ukitumia plaiwudi, vika faiba na epoksi pande zote mbili, nyuzi za faiba zikielekea juu na chini. Ukipenda mti mtupu, usikate bamba kutoka ubao mmoja mpana, utajikunja jua likiupiga. Pasua vipande vya upana wa sentimita tatu au nne, geuza kimoja juu chini baada ya kingine, vigandishe kwa epoksi, kisha uchonge. Mvule unafaa. Mninga nao ni mzuri.

Baada ya mkato kinakuja kina, na hapa ndipo ninapotofautiana na vitabu vingi vya wazungu, ambavyo huandikiwa maji ya kina na gati za kuegesha. Nadharia ni wazi: kwa nguvu ileile ya pembeni na mwendo uleule, ukinzani unaotokana na kusukuma maji hupungua kadiri mraba wa kina unavyoongezeka. Bamba la kina cha sentimita 40 linalipa mara mbili na robo ya linacholipa bamba la sentimita 60, hata kama maeneo yao ni sawa. Kwa hesabu hiyo, bamba refu jembamba linashinda. Kwenye maji ya kina ya Ziwa Tanganyika au Ziwa Kivu, ambako hakuna kupwa wala kujaa na miamba hushuka wima karibu na ufuko, mpe fundi vipimo hivi bila kusita: sentimita 60 chini ya sakafu ya mashua, upana sentimita 22 juu na 16 chini, unene milimita 26 juu ukipungua hadi 19 chini.

Pwani ya Bahari ya Hindi ni habari nyingine. Bamvua huku huinua na kushusha maji karibu mita nne. Unatoka ufukweni maji yakiwa kifuani na kurudi yakiwa magotini, juu ya mawe na nyasi. Paje na Jambiani, kisiwani Unguja, vigingi na kamba za wakulima wa mwani vimejaa ndani ya ukuta wa mwamba, na kamba moja inatosha kukung'oa rumada. Hapo bamba refu litatumia nusu ya safari likiwa limenyanyuliwa nusunusu, na usukani ulionyanyuliwa nusu ni mbaya kuliko usukani mfupi ulioshuka wote. Ukiishi ndani ya ukuta wa mwamba, kubali sentimita 45, ongeza upana ufike 25 au 26, na uridhike. Utapoteza kidogo wakati wa kubisha. Kwa upande mwingine, bamba fupi pana lina hisani yake: linastahimili kugeuzwa sana kabla ya kuachwa na maji, jambo analolishukuru yeyote anayemfundisha mtoto.

Vyovyote vile bamba liweze kuinuka lenyewe likigonga. Yaani lizunguke kwenye msumari mmoja kati ya mashavu mawili, na kamba ya kulishusha iwe na sehemu inayoachia. Kwenye fukwe nyingi kipande cha tyubu ya pikipiki kinafanya kazi hiyo vizuri kuliko vifaa vya dukani: kinalibana bamba chini, kinanyooka likigonga jiwe, kinalirudisha. Mti huelea, kwa hiyo bila kamba au tyubu, au risasi iliyofukiwa karibu na ncha, bamba litapanda lenyewe taratibu bila wewe kujua.

Bamba kupanda ndiyo sababu ya kwanza ya kilio cha “usukani mzito”. Kiini cha nguvu ya bamba kiko robo ya upana kutoka ukingo wa mbele. Bamba la sentimita 20 likisimama wima, ukingo wake wa mbele ukiwa kwenye mstari wa rumada, kiini kiko sentimita 5 nyuma ya mstari huo, na mkono unabeba bila shida. Acha bamba lipande nyuma digrii 20 tu. Kama kiini kiko sentimita 40 chini ya msumari, kimesogea nyuma zaidi ya sentimita 13, na uzito mkononi umekuwa zaidi ya mara tatu. Watu hununua kana ndefu zaidi kwa tatizo lililohitaji kukazwa kamba.

Ukitaka wepesi zaidi, lielekeze bamba mbele kidogo, ili upande wake wa chini upite mbele ya mstari wa rumada. Mstari huo ukiingia ndani ya bamba kwa asilimia 10 au 15 ya upana, kana inakuwa nyepesi bila kuwa bubu. Usipite hapo. Ukikaribia 25, usukani hauna mwelekeo tena. Ukipita, utataka kujigeuza wenyewe, na mshika kana ataishia kupambana nao. Nami napenda kuacha uzito kidogo, maana mkono ndio unaokwambia mashua inataka kwenda joshi kiasi gani. Uzito unaobaki baada ya hapo si wa usukani. Uko kwenye mashua iliyolala sana upande wa demani, tanga lililovutwa kupita kiasi, mlingoti ulioegemea nyuma au ubao wa katikati uliosukumwa mbele. Hakuna bamba, hata la NACA, litakaloponya tanga lililotakiwa kulegezwa.

Sasa lile umbo la ubavuni lililoanzisha mchoro. Nadharia ya mabawa inasema duaradufu ndiyo bora, lakini bamba linalopungua taratibu kutoka juu, ncha ikiwa na nusu ya upana wa juu au zaidi, linaikaribia kiasi kwamba kwa mashua ndogo hutaona tofauti, na ni rahisi mara kumi kulichonga kwa usahihi. Ncha ikate mraba, ikiwa na kona iliyolainishwa kidogo. Kuizungusha sana ni kutupa kina ulichokilipia. Ukingo wa mbele ulioinamia nyuma kidogo huteremsha nyasi na mwani, na kama unapita humo kila siku, chukua mwinamo huo na usikilize mkono wako ukilalamika kidogo. Mapambo mengine, mikunjo na visigino, ni ya macho.

Uso ulainishwe kwa msasa namba 400, ukitumia maji, kisha uache. Nta na vipodozi vya gari haviongezi chochote. Kinachoongeza ni kuondoa kucheza: shika ncha ya bamba mashua ikiwa mchangani, itikise pembeni, na usikilize. Mlio wa kwanza ni wa bamba ndani ya mashavu yake, wa pili ni wa rumada. Kipande cha plastiki ya ndoo kati ya mashavu na bamba, na kikombe kipya kwenye rumada iliyolika, hugharimu kidogo kuliko bamba jipya na mara nyingi husaidia zaidi.

Bamba likianza kuvuma upepo unapokaza, ukaisikia kana ikitetemeka, usilitupe. Ukingo wa nyuma umekuwa butu au wa duara, na maji yanauacha kwa kupishana, mara kushoto, mara kulia. Kata ukingo huo kwa mshazari wa digrii 30 hivi kutoka upande mmoja tu, kwa tupa au msasa mkavu, kwa upana wa milimita tatu au nne. Mara nyingi mvumo unakoma. Ukiendelea, angalia kama kona uliyoikata imebaki kali, kisha ifunike kwa epoksi kabla maji hayajaingia kwenye mti.

Na likitoka majini, lilaze kwenye kivuli juu ya kitu bapa, au lining'inize kwa tundu la msumari. Bamba lililoegemezwa ukutani jua la saa nane linajikunja, na hakuna kipimo cha bati kitakachokurudishia unyoofu wake.